Je, Wajua? Pasi ya nguo iliyoamsha matrekta ya North Dakota

Je, wajua kwamba hita ya umeme ya kupasha injini ilitokana na pasi ya nguo? Andrew Freeman wa mji wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, kaskazini mwa Marekani, alichukua kipande chakavu cha bomba la shaba, akatia ndani yake waya wa joto wa pasi, kisha akakiunda kiweze kuingia mahali pa bolti moja kati ya zile zinazobana silinda hedi juu ya bloku. Jioni unachomeka kwenye umeme. Bolti inapasha chuma, chuma kinapasha maji yanayokizunguka, na alfajiri injini inaitika. Alipewa hataza ya uvumbuzi huo tarehe 8 Novemba 1949.

Freeman alikuwa mtu wa umeme kabla ya kuwa mtu wa injini. Kazi yake ilikuwa kuongoza ushirika wa kusambaza umeme vijijini, na jambo hilo linaeleza mengi. Katikati ya miaka ya 1930, ni takriban shamba moja tu kati ya kumi nchini Marekani lililokuwa na umeme. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt aliunda idara ya kupeleka umeme mashambani. Vyama vya ushirika vya wakulima vikasimamisha nguzo mpaka kwenye mabanda ya ng'ombe, na kwa mara ya kwanza mkulima akawa na soketi karibu na trekta lake. Bila soketi hiyo, bolti ya Freeman isingemfaa mtu.

Baridi ya kwao nayo ni baridi kweli. Tarehe 15 Februari 1936, katika kijiji cha Parshall kwenye jimbo hilohilo, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. (Nyuzi zote humu ni za Selsiasi.)

Makaa chini ya injini

Kabla ya hita, wakulima wa kaskazini walihangaika. Wengine walimwaga oili yote ya injini jioni, wakaiweka ndani ya nyumba usiku kucha, asubuhi wakairudisha ikiwa bado na uvuguvugu. Wengine walimwagia bloku maji ya moto. Wengine walichota makaa kwa koleo, wakayasukuma chini ya injini iliyojaa mafuta na vumbi la nyasi kavu, na kusubiri. Unaweza kufikiria ni mabanda mangapi yangeweza kuteketea kwa njia hiyo.

Usidhani trekta la kule hulala mpaka theluji iyeyuke. Majira ya baridi ndiyo wakati ng'ombe hawana malisho ya kujitafutia, na kila siku lazima wapelekewe marobota ya nyasi. Njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani huzibwa na theluji, na trekta ndilo linaloifungua. Likigoma, ng'ombe wanashinda na njaa na watoto hawaendi shule.

Nyuzi moja nje, mbili na nusu ndani

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Wazo ambalo Rudolf Diesel alipewa hataza yake Ujerumani mwaka 1893 ni kwamba hewa ikikandamizwa vya kutosha hupata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Basi fanya hesabu hii pamoja nami. Chukua injini inayobana hewa mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na saba ya ujazo wake wa mwanzo. Hewa ikiingia ikiwa na nyuzi 25, kama asubuhi ya kawaida ya Morogoro, inafika zaidi ya nyuzi 500 pistoni ikiwa juu. Hewa hiyohiyo ikiingia ikiwa na nyuzi 25 chini ya sifuri, haifiki hata 400. Tofauti ya nyuzi 50 nje imegeuka tofauti ya zaidi ya nyuzi 130 ndani ya silinda. Kila nyuzi moja unayoipoteza uani unailipia kwa zaidi ya mbili na nusu mahali ambapo mafuta yanatakiwa kuwaka.

Hiyo ni hesabu ya karatasi, na karatasi ina huruma kuliko chuma. Kuta za silinda zilizoganda zinanyonya joto la hewa kabla halijafanya kazi. Ringi zinavujisha hewa. Stata nayo inazungusha polepole, na kila mzunguko wa polepole unalipa joto na hewa nafasi zaidi ya kutoroka. Ndiyo maana trekta la baridi hutoa moshi mweupe mzito pale linapojaribu kuwaka: moshi huo ni dizeli iliyopuliziwa ndani, ikageuka mvuke, ikatoka nje bila kuungua.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hununua hita wakidhani adui ni mmoja. Adui ni wanne: chuma baridi, oili nzito, betri dhaifu na mafuta yanayoganda. Hita moja haiwezi kuwapiga wote, na anayechagua vizuri ni yule anayejua kwanza ni yupi anayemsumbua.

Oili

Je, wajua kuwa herufi W katika 15W-40 inahusu majira ya baridi? Oili ya daraja la 15W hupimwa ikiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na inaruhusiwa kuwa na uzito wa mtiririko wa hadi milipaskali-sekunde 7,000. Katika injini iliyopata moto, kwenye nyuzi 100, oili ileile huwa na takriban 12 tu. Kwa maneno mengine, stata ya asubuhi inaukokota mhimili wa krenki ndani ya kitu kizito kama asali. Oili ya 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, na hata huko haitakiwi kuvuka 6,200. Kama kitabu cha trekta kinairuhusu, badilisha oili kabla hujanunua hita. Pengine hutaihitaji tena ile kubwa uliyokuwa umeiwazia.

Betri

Ile namba ya ampea za kuwashia kwenye baridi iliyoandikwa ubavuni mwa betri haikupimwa kwenye joto la duka. Maana yake ni ampea ambazo betri inaweza kuzitoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila volti zake kushuka chini ya 7.2. Betri iliyojaa chaji haigandi hata baridi ikipita nyuzi 50 chini ya sifuri, lakini iliyoisha chaji, ambayo asidi yake imebaki karibu na maji matupu, huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasuka. Kitambaa cha umeme cha kufunikia betri hutumia wati zisizofika mia, na kwa wati hizo chache sijui msaada mwingine unaorudisha faida kubwa hivyo.

Ipi ya kuchagua

Hapa ndipo penye maneno mengi dukani, kwa hiyo twende taratibu.

Ya kwanza, na kwa maoni yangu iliyo bora kwa trekta linalolala karibu na soketi, ni hita inayozama ndani ya maji ya bloku. Inaingia mahali pa kizibo kimoja cha duara ubavuni mwa injini. Je, wajua vizibo hivyo viliwekwa kwa nini? Wengi husema ni vya kuiokoa bloku maji yakiganda, vichomoke kabla chuma hakijapasuka. La hasha. Bloku inapomiminwa kiwandani, nafasi za maji hutengenezwa kwa mchanga, na matundu yale ndiyo njia ya kuutolea mchanga huo. Vizibo vinayafunika tu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bloku inaweza kupasuka huku vizibo vyote vikiwa mahali pake.

Hita ya namna hii lazima iwe ya injini ile hasa. Kipenyo kikilingana hakitoshi. Ule mkono wa joto unaoingia ndani usiguse ukuta wa silinda, wala usikae upande ambao kiputo cha hewa kitanasa, maana mkono ulio hewani huungua kwa muda mfupi sana. Ukishaifunga, jaza maji, washa injini mpaka hewa yote itoke, kisha ndipo uchomeke umeme. Hita hizi kwa matrekta huwa mara nyingi karibu na wati 1,000, na ikifanya kazi utasikia mvumo mdogo wa maji yanayochemka pembeni ya ule mkono. Mvumo huo ni wa kawaida.

Ya pili ni hita ya tangi, inayokaa nje ya injini na kuunganishwa kwa mipira miwili. Maji baridi yanatoka chini ya bloku, yanaingia kwenye tangi, yanapata moto, yanakuwa mepesi, yanapanda na kurudi juu ya injini. Hakuna pampu. Sheria hiyohiyo ya maji moto kupanda ndiyo iliyopoza injini ya trekta la Fordson lililoanza kuundwa mwaka 1917. Halikuwa na pampu ya maji hata moja. Hita hii hueneza joto vizuri kuliko ile ya kizibo, lakini ina sharti moja gumu: tangi likae chini kuliko mahali maji yanapotoka kwenye injini, na mpira wa juu usiwe na mpindo unaoweza kunasa hewa. Ikifungwa vibaya inachemsha maji yaleyale ndani ya tangi mpaka inakatika, na injini inabaki baridi kama ilivyokuwa. Wengi wanaoilaani hita hii wangepaswa kwanza kuitazama mipira yake.

Ya tatu inafungwa katikati ya mpira wa chini wa rejeta. Ni rahisi kufunga na bei yake huvutia. Mimi huiweka nyuma. Injini ikiwa baridi themostati imefunga njia ya juu, maji hayazunguki ipasavyo, na sehemu ya joto hilo inapotelea kwenye rejeta, ambayo kazi yake tangu mwanzo ni kulitupa joto nje.

Kisha kuna hita za oili. Zipo za sumaku, za wati 200 au 300, unazozibandika chini ya sampu (karai la oili la injini) na kuzihamisha utakavyo. Kumbuka sumaku haishiki alumini. Na matrekta mengi hayana fremu: bloku na sampu yenyewe ndivyo vinavyobeba uzito wa mashine, kwa hiyo sampu ni chuma kinene cha kumiminwa, na wati 200 zinahangaika kukipenya. Bora zaidi ni zile bapa za silikoni zinazogundishwa moja kwa moja kwenye chuma kilichosuguliwa kikawa kisafi. Hapa chagua kubwa kwa upana na ndogo kwa ukali. Joto likirundikana mahali padogo linaiunguza oili, inaganda kama masizi ndani ya sampu, na ukoko huo unazidi kulizuia joto. Vipo pia vijiti vya umeme vinavyotumbukizwa mahali pa kijiti cha kupimia oili. Vina wati chache, havifiki mia. Vinafaa injini ndogo tu.

Na kama trekta linalala mbali na umeme? Hapo hita ya umeme haina kazi. Ipo inayochoma dizeli yenyewe, jiko dogo lililofungwa pembeni ya injini, lenye pampu inayozungusha maji ya moto. Kampuni za Ujerumani Webasto na Eberspächer zimejulikana kwa hita hizi kwenye malori. Ni ghali, na feni na pampu yake hula betri, lakini inaweza kuwashwa katikati ya shamba.

Hesabu ya yuniti mbili na robo

Watu huuliza, wati ngapi zinatosha? Swali hili lina jibu la hesabu, na naona vibaya kumwachia muuza duka.

Tuseme injini ina kilo 300 za chuma na lita 20 za maji ya rejeta, na tunataka kuipandisha kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 20 juu yake. Chuma kitahitaji takriban kilojuli 5,500, na maji yenye dawa ya kuzuia kuganda takriban 2,600. Jumla inakaribia yuniti mbili na robo za umeme. Hita ya wati 1,000 ingemaliza kazi hiyo kwa saa mbili na robo kama hakuna joto linalotoroka. Kwa kuwa linatoroka, weka saa tatu au nne. Ile ya sumaku ya wati 200 ingehitaji zaidi ya saa 11 bila upotevu wowote, na kwa uhalisi haitafika kamwe, kwa sababu kabla ya hapo joto linalotoka litalingana na linaloingia. Haimaanishi haifai. Maana yake ni kwamba inaifaa oili, si bloku.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha upande wa pili. Kuacha wati 1,000 zikiwaka saa 12 ni kulipa yuniti 12 kwa kazi iliyokwisha kufanyika ndani ya tatu au nne za kwanza. Kwa hiyo kifaa cha pili cha kununua baada ya hita ni saa ya umeme inayowasha yenyewe usiku wa manane. Serikali ya Kanada huwashauri wenye magari madogo wawashe hita takriban saa mbili kabla ya safari. Trekta lenye chuma kingi liongezewe.

Na upepo? Redio ikitangaza kuwa ni nyuzi 30 chini ya sifuri lakini kwa upepo "inahisika" kama 45, injini iliyozimwa haitashuka chini ya 30. Kile kipimo cha pili ni cha ngozi ya binadamu. Upepo unachofanya kwa chuma ni kukipoza haraka na kuiba joto la hita, kwa hiyo turubai iliyofunikwa juu ya boneti inasaidia sana, nayo haihitaji umeme.

Dawa tupu huganda mapema

Hili huwashangaza hata madereva wa siku nyingi. Ukichanganya nusu maji na nusu ile dawa ya rejeta iitwayo ethilini glikoli, mchanganyiko hauanzi kuganda mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukitia dawa tupu bila maji, ukidhani umeongeza ulinzi, inaganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri.

Volti zinazoua

Wenzetu wanaoishi Winnipeg, Edmonton au Fargo wameuzoea ule waya wenye plagi unaoning'inia mbele ya magari. Sasa chukulia mashine yenye waya kama huo imeshushwa Mombasa au Dar es Salaam. Usiichomeke ukutani. Hita ya Amerika Kaskazini imeundwa kwa volti 120, na nguvu ya hita hukua kwa mraba wa volti. Ukiipa 240, ile ya wati 1,000 inataka kutoa 4,000. Itaungua, na inaweza kuunguza na kilicho karibu.

Fundi mwenye mita ya ohmu anaweza kuitambua bila kuichomeka. Hita ya wati 1,000 ya volti 120 husoma karibu ohmu 14. Ya volti 240 husoma karibu 58. Ikisoma hakuna njia kabisa, imekatika. Na kati ya pini yoyote ya umeme na bodi ya injini pasiwe na njia. Ikiwapo, hita inavujisha umeme kwenye chuma. Banda la ng'ombe ni mahali pabaya mno pa uvujaji kama huo, kwa sababu ng'ombe huhisi volti ndogo ambazo mtu mwenye buti za mpira hazijui. Kwa hiyo laini ya hita iwe na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja, na waya wa ekstensheni uwe mnene. Kwenye volti 120, wati 1,000 ni zaidi ya ampea 8 kwa saa kadhaa. Waya mwembamba uliokunjwa juu ya nyasi kavu ni hatari ya moto.

Mafuta ya taa yasiyo kosa

Adui wa nne hashindwi na hita ya bloku hata kidogo. Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo hujitenga, mafuta yanafifia kama yenye ukungu, kisha filta inaziba. Injini inaweza kuwa na joto la kutosha, stata ikazunguka kwa nguvu, na bado isiwake kwa sababu hakuna kinachofika kwenye nozeli. Kwa hiyo kaskazini huuzwa dizeli ya majira ya baridi, na kwa miaka mingi wakulima wamekuwa wakichanganya dizeli na mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa, ambayo hustahimili baridi kali zaidi.

Kwetu, kuchanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli ni udanganyifu unaoadhibiwa. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji, na Tanzania nayo hutia vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wanaofanya hivyo. Kwa hiyo ushauri wa mkulima wa Saskatchewan ukikufikia, uache hukohuko kwenye theluji. Huku hakuna baridi ya kuuhalalisha, na dizeli iliyopunguzwa ulaini hukwangua pampu ya nozeli.

Baruti, petroli na usukani

Matrekta ya zamani yalikuwa na njia za kuwashwa ambazo leo zinaonekana kama hadithi. Lanz Bulldog la Mannheim, Ujerumani, lililobuniwa na Fritz Huber na kutolewa mwaka 1921, lilikuwa na kichwa cha chuma mbele ambacho mkulima alikichoma kwa taa ya kupulizia moto kwa dakika kadhaa. Kikishaiva, alichomoa usukani pamoja na fimbo yake, akauchomeka kwenye gurudumu zito la pembeni, akaizungusha injini kwa mkono.

Waingereza wa kiwanda cha Marshall, mji wa Gainsborough, walikuja na Field Marshall mwaka 1945. Kwa trekta hilo uliwasha karatasi iliyoloweshwa chumvi ya baruti, ukaifunga kwa skrubu ndani ya silinda ikiwa inafuka, kisha ukapakia risasi tupu isiyo na kitu ndani ila baruti, ukaigonga kwa nyundo. Mlipuko ndio uliosukuma pistoni. Kwa macho yangu hakuna injini ya shambani iliyowahi kuwashwa kwa ujasiri zaidi ya huo.

Caterpillar, walipotoa trekta lao la kwanza la dizeli mwaka 1931, walifuata njia ya upole. Walifunga injini ndogo ya petroli pembeni ya kubwa. Uliiwasha ndogo kwanza, ikaizungusha kubwa. Katika mashine zao kadhaa zilizofuata, maji ya injini ndogo yalipita ndani ya kubwa na moshi wake ukapasha njia ya hewa, hivyo ile ndogo ilikuwa stata na hita kwa wakati mmoja. John Deere nao walitumia injini ndogo ya petroli kwenye Model R ya mwaka 1949, mwaka uleule wa hataza ya Freeman.

Baadaye ikaja etha ya kopo. Etha huwaka yenyewe kwenye nyuzi 160 hadi 180, chini kuliko dizeli, kwa hiyo hushika hata kwenye injini baridi. Lakini kamwe usiipulize kwenye injini yenye plagi za joto au hita ya hewa iliyowashwa. Inalipuka kabla ya pistoni kufika juu, na pistoni, ringi au fimbo yake inavunjika.

Ufunguo wa Massey kule Timau na Kitulo

Juu kule Timau kwenye miteremko ya Mlima Kenya, Ol Kalou katika Nyandarua, au Kitulo wilayani Makete, kuna asubuhi ambapo nyasi zimeota barafu nyeupe. Mwinuko nao una neno lake. Kwenye mita 2,700, hewa ina takriban asilimia 72 tu ya msukumo wa hewa ya Mombasa, kwa hiyo silinda inabana kitu kichache zaidi na mafuta hukawia kushika.

Hata hivyo hita ya bloku kule haihitajiki. Matrekta mengi ya Massey Ferguson yaliyozeeka katika mashamba hayo yana injini za Perkins, kiwanda cha Peterborough ambacho Massey-Ferguson walikinunua mwaka 1959, na injini hizo huja na kifaa kidogo kwenye njia ya hewa: ukigeuza ufunguo hadi mahali pa joto, waya unaiva, dizeli inadondoka juu yake, na mwali mdogo unapasha hewa inayoingia. Sekunde kama 15 zinatosha, kisha unapiga stata. Mara nyingi kifaa hicho kimekufa miaka mingi na hakuna aliyejali, au kijitangi kinachokilisha dizeli hakina kitu, na dereva analipaki trekta mlimani kila jioni ili alisukume asubuhi. Kukifufua ni kazi ya fundi ya saa chache.

Hita zilizo Nairobi na Dar es Salaam

Je, wajua kwamba hita za bloku ziko pia kwenye miji yetu ya joto, zikiwaka mchana na usiku? Ziko kwenye jenereta za akiba za hospitali, benki na mitambo mikubwa. Jenereta ya namna hiyo hutakiwa kubeba mzigo wote ndani ya sekunde chache umeme ukikatika. Nyingi hupangiwa sekunde 10. Injini haina muda wa kupata moto taratibu, kwa hiyo maji yake huwekwa karibu na nyuzi 40 saa zote.

Hita hiyo ikifa, hakuna kinachopiga kelele mpaka siku ya giza. Anayeitunza jenereta aishike mipira miwili ya hita kwa mkono kila wiki, injini ikiwa imezimwa: wa kurudi juu uwe moto kuliko wa kutoka chini. Ikiwa yote ni baridi, apime waya kwa mita. Ikiwa mmoja unachoma na mwingine ni baridi kabisa, maji hayazunguki. Atoe hewa kwenye mpira wa juu na akague vali za mipira hiyo kabla mkono wa joto haujakatika.